Maswali mnayouliza sana kuhusu sheria za Waingereza kule Cape, 1806 hadi 1834: mahakama, biashara na ardhi

Kila nikigusia historia ya Afrika Kusini maswali yanakuja yaleyale, na mengi yanaruka moja kwa moja kwenye ubaguzi wa 1948, kama vile kabla ya hapo kulikuwa na pori tu na simba. Mimi naona mzizi uko nyuma zaidi, kwenye ile miaka karibu 30 ambapo Waingereza waliingia na makaratasi. Makaratasi ndo silaha yao kubwa kule: pasi, mkataba, samansi, hati ya shamba, noti ya hela. Ukitaka kuelewa sheria yoyote ya kipindi kile, usianze na maneno matamu ya mwanzoni, angalia nani anatakiwa atembee na karatasi na nani anatunza nakala ofisini. Basi nimeyakusanya hapa, nimejibu kadiri yalivyokuja.

Tunaongelea wapi hasa, na lini?

Koloni la Rasi ya Tumaini Jema, humu nitaita Cape tu. Kampuni ya Waholanzi ya biashara ya mashariki iliweka kituo pale 1652. Waingereza wakaiteka mara ya kwanza 1795, wakairudisha 1803, wakaichukua tena Januari 1806 baada ya mapigano ya Blaauwberg, na mkataba wa 1814 ndo ukaifanya mali yao rasmi. Nimeishia 1834 kwa sababu mwaka huo utumwa ulifutwa kisheria kule.

Waingereza walipofika si walileta sheria zao?

Hapana, na hapa ndo wengi mnateleza. Waholanzi waliposalimu amri waliweka sharti kwamba raia wabaki na haki na mila zao za zamani, kwa hiyo sheria ya kawaida ikabaki ileile ya Kiholanzi yenye asili ya Kirumi: mirathi, mikataba, mali, ndoa. Waingereza wakajenga juu yake. Ndo maana mpaka leo ukienda Afrika Kusini, Namibia, Botswana, Lesotho, Eswatini au Zimbabwe wakili anaweza kumnukuu mwanasheria wa Uholanzi wa karne ya 17 mbele ya jaji na asionekane mtu wa ajabu. Sri Lanka pia, maana kule nako Waholanzi walitangulia.

Kulikuwa na bunge?

Bunge gani. Gavana anaamka asubuhi, anaandika tangazo, linabandikwa, limekuwa sheria. Mpaka 1825 hata baraza la kumshauri hakuwa nalo. Mwaka huo London ikampa baraza dogo la washauri, na kuanzia hapo sheria zikaanza kuitwa ordinansi na kupewa namba. Baraza la kutunga sheria likaja 1834, bunge lenyewe ni miaka ya 1850 huko. Kwa hiyo ukisoma mahali "sheria ya Caledon" au "sheria ya Cradock", hayo ni majina ya magavana.

Kabla ya mageuzi mtu akidhulumiwa anaenda wapi?

Inategemea unaishi wapi. Wilayani kulikuwa na landdrost, ambaye ni kama mkuu wa wilaya, hakimu na mkusanya kodi ndani ya koti moja. Alikaa na heemraden, wazee wa baraza, na hao walikuwa wenye mashamba wa hapohapo, yaani jirani wa yule unayemshtaki, pengine shemeji yake. Chini yao yupo veldkornet, naye ni mkulima kama wengine, sema amepewa madaraka. Kesi kubwa zinapelekwa Raad van Justitie, mahakama ya Cape Town. Majaji wa pale walikaa kwa ridhaa ya serikali, na mpaka 1813 walikuwa wanasikiliza kesi milango imefungwa, wewe wa nje unasikia hukumu tu. Ukikata rufaa, anayekaa kuisikiliza ni gavana. Yuleyule aliyeandika tangazo.

Na usisahau umbali. Graaff-Reinet mpaka Cape Town ni zaidi ya kilomita 600, kwa mkokoteni wa ng'ombe hizo ni wiki kadhaa za vumbi. Mfanyakazi wa shambani ataanzia wapi?

Ile mahakama ya kuzunguka ilikuwa ni nini?

Mwaka 1811 gavana Caledon akaamuru majaji wawili wa Raad watoke Cape Town kila mwaka wapite wilayani, wasikilize kesi papo hapo na pia wachunguze landdrost anaendaje. Wazo lenyewe zuri kabisa. Mzunguko wa 1812 ndo ulioacha jina, Makaburu (wakulima wazungu wenye asili ya Uholanzi) waliuita Zwarte Ommegang, mzunguko mweusi. Wamisionari wa London, hasa James Read na Johannes van der Kemp (huyu alifariki mwishoni mwa 1811, hakuuona), walikuwa wamepeleka malalamiko kwamba Wakhoikhoi, wafugaji wenyeji wa Cape, wanapigwa, wanauawa, wananyimwa ujira, watoto wanazuiliwa mashambani. Majaji wakaita watu. Kwa mara ya kwanza mwenye shamba mzungu anasimama kizimbani na aliyesimama upande wa pili akimshtaki ni kijakazi wake.

Mashtaka mengi yalianguka. Ushahidi ulikuwa wa zamani, mashahidi walishakufa au kuhama, na majaji wenyewe walitoka kwenye jamii ileile. Lakini Makaburu hawakukumbuka kwamba wengi wao waliachiwa, walikumbuka kwamba waliitwa. Mimi hiki kitu hunifikirisha sana, mtu anashinda kesi na bado anaondoka na kinyongo miaka 50.

Slagtersnek inahusianaje na haya?

Inahusiana moja kwa moja, maana uasi huu wa Makaburu wa 1815 ulianza na samansi. Kulikuwa na Kaburu anaitwa Frederik Bezuidenhout, anaishi bonde la mto Baviaans, mpakani kabisa. Mfanyakazi wake Mkhoikhoi, Booi, alimshtaki kwa kumtendea vibaya na kumzuilia ujira. Bezuidenhout akaitwa, hakwenda. Akaitwa tena, hakwenda. Mahakama ya kuzunguka ikamhukumu kifungo cha mwezi mmoja, na angalia vizuri, kosa ni kudharau mahakama, hata sio lile la Booi. Oktoba 1815 wakaja askari kumkamata, na wengi wa askari hao walikuwa Wakhoikhoi. Akajificha mapangoni na bunduki, akagoma kutoka, akauawa kwa risasi.

Ndugu yake Johannes akaapa kulipa kisasi, akakusanya watu, wakajaribu mpaka kumvuta chifu Ngqika wa Waxhosa, watu wa ng'ambo ya mpaka, awasaidie, akawakwepa. Novemba wengi walijisalimisha pale Slagtersnek, Johannes mwenyewe aliuawa akipigana. Tarehe 9 Machi 1816 watano wakanyongwa hadharani, na hapa ndo pale hadithi ilipopata mabawa: kamba nne kati ya tano zilikatika. Watu wakalia, wakaomba, wakaamini Mungu amewasamehe. Kamba nyingine zikatafutwa, wakanyongwa upya.

Baadaye wanasiasa wa Kikaburu walifanya hawa watano mashahidi wa taifa. Booi, ambaye ndo alianza kwa kwenda kudai haki yake ofisini, ukimtafuta kwenye sherehe za kuwakumbuka humuoni.

Sheria ya Caledon ya 1809 ilikuwa nzuri au mbaya? Kila mtu anasema lake.

Yote mawili, na sio kwamba nakwepa swali.

Tangazo la tarehe 1 Novemba 1809 lilikuwa la Wakhoikhoi (lenyewe linawaita kwa jina ambalo leo ni tusi, silirudii). Lilisema mkataba wa kazi unaozidi mwezi lazima uandikwe, mbele ya ofisa, nakala tatu: moja ya mwajiri, moja ya mfanyakazi, moja inabaki ofisini. Ujira ulipwe kama ulivyoandikwa. Mfanyakazi akidhulumiwa anaweza kushtaki. Muda wake ukiisha aachiwe aondoke, asifungwe kwa kisingizio cha deni. Kwa mtu ambaye jana alikuwa anapigwa na hana pa kusemea, hiyo ni hatua.

Halafu geuza ukurasa. Kila Mkhoikhoi lazima awe na makazi maalumu yaliyoandikishwa wilayani. Akitaka kutoka wilaya moja kwenda nyingine lazima awe na pasi, na akiwa kazini atembee na karatasi ya mwajiri, na yeyote anaweza kumsimamisha amuulize iko wapi. Asiyekuwa nayo ni mzururaji, anakamatwa, anakabidhiwa kwa mwenye shamba afanye kazi.

Sasa unganisha. Ardhi yake imeshagawiwa wengine. Makazi anatakiwa ayaandikishe wapi, kama sio shambani kwa mtu au kwenye misheni kama Bethelsdorp? Pasi ya kwenda kutafuta mwajiri mwingine ataitoa nani kama sio huyuhuyu mwajiri au veldkornet jirani yake? Ile haki ya kushtaki ipo, imeandikwa, ila njia ya kwenda mahakamani inapita kwenye geti la anayeshtakiwa. Nakala yake ya mkataba anayo mfukoni, kusoma hajui.

Na watoto je?

Mwaka 1812 gavana Cradock akaongeza kipengele kwamba mtoto wa Kikhoikhoi aliyekulia shambani na kulishwa na mwenye shamba mpaka miaka 8, mwenye shamba anaweza kumchukua kama mwanagenzi kwa miaka 10 zaidi. Uanagenzi wa kujifunza nini, kuchunga kondoo? Wazazi wakimaliza mkataba wao wako huru kuondoka, lakini mzazi gani ataondoka amuache mwanawe wa miaka 9? Hapo hauhitaji hata minyororo.

Ardhi waligawanaje? Nimesikia habari ya farasi, ni kweli?

Kweli, na ndo sehemu naipenda kuielezea.

Wakati wa Waholanzi mashamba ya mifugo huko bara yalikuwa ya mkopo, leeningplaats. Unaenda unapata chemchemi nzuri, unaweka alama katikati, halafu farasi anatembezwa kwa mwendo wa kawaida nusu saa kila upande kutoka pale kwenye alama. Pale farasi alipofika ndo mpaka wako. Hakuna mpima ardhi, hakuna ramani, na ni wazi farasi wa Makaburu walikuwa na tabia ya kuongeza mwendo siku ya kupima. Kwa makisio shamba moja lilikuwa morgen 3,000 hivi, karibu hekta 2,500. Kodi riksidola (hela ya Cape) 24 kwa mwaka, wengi hawakulipa.

Kisheria ule mkopo ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, ardhi ni ya serikali. Lakini watu wakauziana nyumba na zizi, opstal, na shamba likaenda humohumo. Watanzania hapa hamhitaji maelezo marefu, ni kama tunavyouziana "maendelezo" wakati kila mtu anajua kinachouzwa ni kiwanja.

Wakhoikhoi waliokuwa wanalisha ng'ombe kwenye chemchemi hiyohiyo kabla farasi hajatembezwa, hakuna aliyewauliza. Kulisha kwa kuhamahama hakukuhesabika kama kumiliki.

Waingereza walibadilisha nini kwenye hayo mashamba?

Tarehe 6 Agosti 1813 Cradock akatoa tangazo kwamba mwenye shamba la mkopo anaweza kuomba ligeuzwe kuwa milki ya kudumu, arithishe, auze, agawe, ili mradi alipe kodi ya kila mwaka. Kodi inapangwa kufuatana na ubora wa ardhi, isizidi riksidola 250. Sharti lapimwe na mpima wa serikali, kuwe na bikoni na mchoro. Serikali ikajibakishia mawe ya thamani, dhahabu na fedha vitakavyokutwa chini, pamoja na haki ya kupitisha barabara. Hicho kipengele cha madini mwaka 1813 kilikuwa kama mzaha, nani alijua kuhusu almasi. Ilikuja kujulikana baadaye.

Ungefikiri Makaburu wangeshangilia. Hawakufurahi sana, kwa sababu walikuwa wanalipa 24 (au hawalipi) na sasa wanaambiwa kodi mpya, tena na gharama za mpima juu yao. Wapima wenyewe walikuwa wachache mno, maombi yakalala ofisini miaka na miaka, wengine wamelipa na hati hawaioni, na mtu anakaa hajui shamba ni lake au la. Hii ya kulipia upimaji na kusubiri hati mpaka nywele zinageuka mvi nadhani haina uraia.

Ila kwa mtazamo wangu tangazo hili ndo zito kuliko yote ya kipindi kile, zito kuliko hata zile zenye majina makubwa. Lilichukua kitu kilichopatikana kwa nusu saa ya farasi likakigeuza hati yenye muhuri. Baada ya hapo mjukuu wa Mkhoikhoi akija kusema hapa palikuwa petu anaoneshwa mchoro.

Waxhosa nao?

Hao walikuwa nje ya koloni, wana machifu wao na jeshi, kwa hiyo kwao haikuwa tangazo, ilikuwa bunduki kwanza na karatasi baadaye. Mwaka 1811 hadi 1812 kanali John Graham aliwafukuza watu karibu 20,000 kutoka Zuurveld, magharibi ya Great Fish River, akachoma nyumba na kuharibu mazao ili wasirudi. Mji ukapewa jina lake, Grahamstown, mpaka 2018 ulipobadilishwa kuwa Makhanda, jina la yule nabii aliyeongoza shambulio la kuuteka mwaka 1819, akafungwa Robben Island na akafa maji akijaribu kutoroka 1820. Baada ya vita hivyo gavana Somerset akasukuma mpaka tena, eneo kati ya mito Fish na Keiskamma likaitwa ardhi isiyo ya mtu. Isiyo ya mtu halafu ina kambi za askari.

Mwaka 1820 wakaletwa walowezi kama 4,000 kutoka Uingereza wawekwe pale kama ukuta. Waliahidiwa ekari 100 kwa kila mwanaume. Wakisikia hivyo Uingereza waliona utajiri, walipofika wakakuta Kaburu jirani ana hekta 2,500 na analalamika hazitoshi. Ngano yao ikaliwa na kutu misimu ya kwanza, 1823 mafuriko yakamalizia. Wengi wakaacha jembe wakakimbilia biashara.

Biashara ilikuwa huru?

Kwa baadhi. Zamani za Kampuni huuzi wala hununui bila yenyewe kuingiza mkono. Waingereza walivunja vikwazo vingi vya biashara ya ndani. Ila biashara ya nje ilifuata upepo wa London. Mfano mzuri ni mvinyo: mwaka 1813 Uingereza ikashusha ushuru wa mvinyo wa Cape, basi wakulima wa Stellenbosch na Paarl wakapanda mizabibu kama wamechanjwa, wakakopa, wakaweka mashamba rehani. Mwaka 1825 nafuu ikapunguzwa, bei ikaanguka, watu wakabaki na madeni na mapipa. (Humo humo ndo tabia ya kumlipa mfanyakazi sehemu ya ujira wake kwa vikombe vya mvinyo ilizidi kuota mizizi, na madhara yake kwenye familia za mashambani yapo mpaka leo.)

Na mwaka huohuo 1825 wakagusa hela. Riksidola ilikuwa hela ya karatasi ya Cape, kwenye vitabu ilihesabiwa sawa na shilingi 4 za Kiingereza, sema ilishaporomoka miaka mingi. London ikasema kuanzia sasa riksidola moja ni shilingi 1 na peni 6, basi. Kwa mwenye akiba ya noti ndani ya sanduku ilikuwa ni kama kuambiwa sanduku lako limeungua. Walipiga kelele, wakaandika maombi, haikusaidia.

Kwa Waxhosa biashara ilikuwa na kamba. Kwa muda mrefu ilikatazwa kabisa kuvuka mpaka kufanya biashara, ingawa kimagendo ilikuwepo kila siku. Mwaka 1824 likafunguliwa soko la Fort Willshire kwenye mto Keiskamma: Waxhosa wanaleta pembe za ndovu, ngozi na gundi, wanaondoka na shanga, vifungo na waya wa shaba, askari wamesimama pembeni wanaangalia, mwenye leseni ndo anaruhusiwa kununua. Tembo mzima kwa vifungo vya koti. Mwaka 1830 wafanyabiashara wakaruhusiwa kuingia wenyewe hadi kwa Waxhosa.

Ni kweli walilazimisha Kiingereza mahakamani?

Ndiyo. Tangazo la Somerset la 1822 lilisema Kiingereza kitaingia kwa awamu, na mpaka 1827 mahakama ziwe zinatumia Kiingereza. Wakati huo wazungu wengi kule walizungumza Kiholanzi, na Wakhoikhoi na watumwa wengi pia, kwa namna yao iliyokuja kuwa Kiafrikana. Kwa hiyo kesi ni ya watu wawili wasiojua Kiingereza, mbele ya jaji ambaye anatafsiriwa, kwa sheria iliyoandikwa kwa Kiholanzi na Kilatini. Tanzania ilibadilisha sheria 2021 Kiswahili kiwe lugha ya mahakama na bado watu wanabishana, kwa hiyo tusiwacheke.

Mahakama mpya ya 1828 ilileta nini?

London ilituma makamishna, John Thomas Bigge na William Colebrooke, walifika 1823 kuchunguza kila kitu. Matokeo yake mfalme akatoa hati ya mahakama mwaka 1827, ikaanza kazi 1 Januari 1828. Raad van Justitie ikafutwa, ikaja Mahakama Kuu yenye Jaji Mkuu, John Wylde, na majaji wengine watatu, wote wanasheria wa kusomea, wakiteuliwa na mfalme badala ya gavana. Kesi za jinai zikawa na juri. Rufaa inaweza kufika London.

Wilayani, landdrost na heemraden wakafutwa, nafasi yao wakachukua mahakimu wakazi. Ndiyo, hakimu mkazi, cheo kilekile tunachokisikia Kisutu. Kazi ya hukumu na kazi ya utawala zikatenganishwa kwenye karatasi, ingawa mara nyingi kiti alikuwa anakalia mtu mmoja kwa kubana matumizi. Kaburu wa wilayani kilichomuuma ni kupoteza uheemraden, maana palikuwa ndo mahali pekee ambapo sauti yake ilikuwa serikali.

Ordinansi namba 50, kwanini inasifiwa hivyo?

Kwa sababu ilifuta pasi. Tarehe 17 Julai 1828 kaimu gavana Richard Bourke, akishauriwa na Andries Stockenström (huyu ni mzaliwa wa hapohapo, baba yake alikuwa landdrost), alitoa sheria kwamba Wakhoikhoi na watu wengine huru wasio wazungu hawalazimiki kubeba pasi, hawawezi kukamatwa kwa uzururaji bila kosa, hawachapwi bila hukumu, na wanaweza kununua na kumiliki ardhi. Mkataba wa mdomo mwisho mwezi, wa maandishi mwisho mwaka. Uanagenzi wa watoto bila ridhaa ya wazazi ukaisha. Mmisionari John Philip alikuwa London akisukuma jambo hilohilo, na mwaka 1829 ikawekwa kufuli: haibadilishwi bila mfalme mwenyewe kukubali. Wakati Makaburu walipotaka sheria ya wazururaji irudi mwaka 1834, kufuli hiyo ndo iliwakwamisha.

Lakini siku tatu tu kabla, Ordinansi 49. Hiyo iliruhusu Waxhosa na wengine wa nje kuingia koloni kufanya kazi, na ili uingie lazima uwe na... pasi. Yaani wiki hiyohiyo, ofisi hiyohiyo, karatasi imetolewa mfuko mmoja ikaingizwa mfuko mwingine.

Na haki ya kumiliki ardhi bila ardhi ni kama leseni ya kuvua ziwani wakati ziwa limekauka. Serikali ilitenga sehemu moja ya maana, Kat River, 1829, familia za Kikhoikhoi zikapewa viwanja, wakachimba mifereji, wakafanya vizuri sana. Sasa uliza hiyo ardhi ilitoka wapi. Chifu Maqoma wa Waxhosa alikuwa amefukuzwa hapo mwaka huohuo.

Watumwa waliguswa na hizi sheria? Na ni kweli kulikuwa na watu wa kwetu?

Biashara ya kuleta watumwa wapya ilikatazwa 1808. Waliokuwepo walibaki watumwa. Mwaka 1816 likaanzishwa daftari la kuwaandikisha wote, 1826 akawekwa ofisa wa kupokea malalamiko yao, na utumwa ukafutwa 1 Desemba 1834, ila ikabidi wawatumikie mabwana walewale miaka minne zaidi kama "wanagenzi", mpaka 1838. Fidia walilipwa mabwana, kama pauni milioni 1.2 kwa Cape, na ilikuwa inalipwa London, hivyo wengi wakauza madai yao kwa mawakala kwa hasara. Waliotumikishwa hawakupata hata senti.

Kuhusu watu wa kwetu, ndiyo. Wengi walitoka India, visiwa vya Indonesia na Madagascar, na kundi kubwa miaka ya mwisho lilitoka pwani ya Msumbiji, wakiitwa Mosbiekers. Hilo jina lilibandikwa kwa yeyote aliyepakiwa pale bandarini, awe Mmakua au mtu wa bara mbali kabisa.

Mbona sheria za Cape zinafanana na za Sydney na Ceylon (Sri Lanka ya leo)?

Kwa sababu ni watu walewale. Bigge kabla ya Cape alishafanya uchunguzi New South Wales, koloni la Australia lenye Sydney. Wylde alikuwa mwanasheria wa serikali huko Sydney kabla ya kuwa Jaji Mkuu Cape. Jaji Burton alitoka Cape akahamia New South Wales, Bourke naye akaenda kuwa gavana hukohuko 1831. Colebrooke alitoka Cape akaenda kuchunguza Ceylon. Walikuwa wanahamishwa kama walimu wakuu, kila mmoja anabeba daftari lake.

Kipande cha Kenya, ile pasi ya wafanyakazi Waafrika enzi za ukoloni, kinatokana na hii?

Sio kwamba kuna aliyenakili tangazo la 1809. Ila njia ipo: baada ya Cape zikaja sheria za bwana na mtumishi za 1841 na 1856, zikasambaa Transvaal (kaskazini mwa Afrika Kusini) na kwingine, na sheria ya Kenya ya 1906 kuhusu mabwana na watumishi ilifuata mfano wa Transvaal. Sheria ya kuandikisha wenyeji ikatungwa 1915, ikaanza kutumika kwa nguvu vita vilipoisha. Wazee waliovaa kipande shingoni ndani ya kikopo cha bati, na mwajiri asipotia sahihi ya kumuachia huwezi kuajiriwa kwingine, wangesoma lile tangazo la Caledon wangelielewa kabla halijatafsiriwa.

Haya makaratasi yapo bado? Naweza kuyaona?

Yapo. Mengi yametunzwa kwenye nyaraka za serikali Cape Town, mtaa wa Roeland, ndani ya kiwanja kilichokuwa jela, na ukuta wa mbele wa jela bado umesimama. Unajaza fomu, unaacha begi nje, unaletewa jalada. Ujue tu kwamba mengi ya kabla ya 1827 ni Kiholanzi cha mkono, wino umefifia, na mikataba ya wafanyakazi mara nyingi upande wa mwajiri kuna sahihi ndefu yenye mikia, upande wa pili kuna msalaba.